Kwenda Kuifungua Roboti ya Maître Kalala

Nilitoka Kalemie kwa sababu mbili, na ya pili niliona haya kuitaja mbele ya watu. Ya kwanza ni kwamba Maître Kalala, mwalimu aliyenifundisha kuunda roboti nilipokuwa msichana wa mtaa wa Kamalondo, alikuwa amefariki huko Lubumbashi, na vijana wa klabu yake ya roboti walikuwa wanajiandaa kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga. Ya pili, nilihitaji mota. Miji ya mashariki ilikuwa inaanguka mikononi mwa waasi mmoja baada ya mwingine, nami nilikuwa nimekimbia Bukavu na begi la nguo, bila hata koleo. Mnakumbuka, ninyi wa Kalemie, jinsi nilivyowakusanya watoto wa wakimbizi katika darasa la kuazima nikawaahidi kwamba wataunda kitu kinachotembea chenyewe. Walikuwa wakinisimamisha hata sokoni kuniuliza lini, na mimi nikawa nawaambia wasubiri.

Kutoka Kalemie hadi Kabalo, treni ilijaa watu mpaka juu ya mabehewa. Nilikaa karibu na mama mmoja mwuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye aliniuliza kazi yangu. Nilipomwambia ni roboti, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, akasema basi niunde moja ije isukume hii treni. Behewa zima lilicheka, na maneno yake yalikuwa na ukweli, maana tulisimama porini mara nyingi tukisubiri reli itengenezwe. Watu walishuka, wakapika, wakaoga mtoni, wakapanda tena. Walikuwa wamekimbia vita, lakini ungewasikia wanavyobishana kuhusu chumvi ya mchuzi ungedhani wanakwenda harusini.

Kamina tulibadilisha injini, na kuanzia hapo nilianza kumfikiria Maître sawasawa. Alikuwa mtu wa asili ya Kasai, lakini aliyezaliwa Lubumbashi, mrefu, aliyetembea akiegemea kushoto kwa sababu ya mguu uliovunjika utotoni. Hakuwahi kutupigia kelele. Ukiunganisha nyaya vibaya alikuwa anavuta kiti, anakaa, anakungoja ugundue mwenyewe, hata kama chai yake inapoa. Nilimpenda kama baba, na sikuwahi kumwambia kwa sababu nilidhani anajua.

Lubumbashi ilinipokea na vumbi lake jekundu na watu wengi kuliko nilivyouacha mji, nusu yao wakiongea Kiswahili cha kwetu Kivu. Kutoka stesheni nilitembea kwa miguu hadi Kamalondo. Klabu ilikuwa palepale, chumba kilicho nyuma ya duka la mshonaji, na vyerehani bado vinalia upande wa pili wa ukuta. Gloire, dada wa miaka ishirini na kidogo anayeiongoza siku hizi, alinikumbatia kabla sijaweka begi chini. Juu ya meza, chini ya kitambaa cheupe chenye maua ya plastiki, palikuwa na roboti ya mwisho ya Maître. Ilikuwa na magurudumu manne na tumbo la bati, nayo kazi yake ni kupita shambani ikidondosha mbegu za mahindi. Walikuwa wakiiita Mukulima.

Hapo nilishangaa, na lazima niwaeleze kwa nini. Klabu ile ina desturi moja: roboti haihifadhiwi. Ikimaliza kazi yake, inafunguliwa mbele ya watoto wapya. Aliyeiunda anatoa parafujo ya kwanza, anataja kila kipande kilitoka kwa nani, kisha anawagawia watoto waanze nacho. Hata ile iliyotuletea kombe ilifunguliwa namna hiyo, na sisi tukalia. Sasa hii ilikuwa imevikwa maua.

Nilimuuliza Gloire kulikoni. Akaniambia Mukulima ilikwama katikati ya shamba la Maître kule Kasungami, pembeni ya mji, siku zilezile alipougua. Waliibeba, wakaifuta matope, wakaifunika. Hawakujua hata ina ugonjwa gani.

"Ya Neema, mwenye kuiunda njo alikufa," aliniambia, akiniita dada mkubwa kama wanavyofanya Lubumbashi. "Parafujo ya kwanza, nani ataitoa? Na Mama, muke ya Maître, anasema muntu asiiguse."

Kwa heshima yao yote, walikuwa wameshindwa kufungua kifuniko ili kuangalia waya. Niliwapenda na nilitaka kuwachapa.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Kasungami kumwona Mama Astride, mjane wa Maître. Tulimkuta shambani, kwenye mpaka unaoonekana wazi: upande huu mahindi yamefika magotini, upande ule ardhi tupu. Tulikaa, tukalia kidogo, akatupa maji. Kisha nilimweleza yote, pamoja na ile sababu ya pili. Nilimwambia kuhusu darasa la kuazima na watoto wanaoningoja. Alinisikiliza huku akiitazama ile nusu tupu.

"Wengine banataka kuiweka mu kabati ya vioo," akasema. "Miye sitaki kabati. Alianza kupanda iyi shamba na ile mashini yake, hakumaliza. Imalize. Kiisha mutafanya bile munataka."

"Mama, ili imalize lazima tuifungue."

"Na kama haitafungika tena?"

Nilimwambia itafungika. Sikuwa na uhakika huo, lakini Maître hakunifundisha kujibu kwa kutetemeka. Ndani ya moyo nilijua kwamba nikiharibu, nitakuwa nimemmalizia mama huyu kitu cha mwisho alichobaki nacho, na nitarudi kwenu mikono mitupu.

Siku ya pili, ileile ya kuondoa kilio, klabu nzima ilikuja, Mukulima ikiwa juu ya mkokoteni na mawingu ya mvua yakiwa tayari. Swali likarudi, nani aanze. Nilichukua bisibisi nikampa Mama Astride. Nilimkumbusha kwamba mashine hii iliundwa juu ya meza yake ya chakula, na kwamba yeye alikula akiweka sahani mapajani kwa miezi.

"Miezi? Mwaka muzima," alisema, akacheka, kisha akapiga goti na kuitoa parafujo ya kwanza.

Ugonjwa ulikuwa waya mmoja uliotafunwa na panya. Gloire aliuunga upesi, akaniomba nimshikie mota. Nikaishika, nikaigeuza, na nikaona ubavuni doa la rangi ya kijani.

Ile rangi ninaijua. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa usafirishaji aliyetoka Kivu na lori la kijani lililobeba maharage. Lilipokufa, nilimpelekea Maître mota ya kifuta-kioo chake, na ndiyo iliyoisukuma roboti yangu ya kwanza. Tuliifungua roboti ile, nikalia siku nzima, nikadhani nimeipoteza. Nilimuuliza Gloire kama anajua mota hii ilikotoka.

"Iyi? Ilikuwaka mu roboti yangu ya kwanza," akasema. "Mbele yangu ilikuwaka ya Patient, mukubwa wangu wa klabu. Mbele ya Patient, sijue."

Nilijua mimi. Nikalia pale kwenye udongo mbele ya vijana wote, na sikuona haya hata kidogo. Roboti yangu kama ingewekwa kabatini, ile mota ingekuwa kutu.

Tuliifunga Mukulima, ikatikisika, ikaondoka. Ilipita mstari baada ya mstari ikidondosha mbegu, ikivuta kidogo kushoto, na Mama Astride akatembea kando yake hadi mwisho wa shamba kama mtu anayemsindikiza mumewe kazini. Mvua ilianza kabla hatujafika chini ya paa. Hapo mama aliifungua tena, safari hii peke yake, akaitoa mota ile na kuniwekea mkononi.

"Imemaliza," alisema. "Peleka kwa batoto ba Kalemie."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kama ya kwenda, lakini nililala vizuri, mota ikiwa ndani ya kitenge chini ya kichwa changu. Vipande vingine Gloire aliwagawia watoto wapya wa Kamalondo. Nilichojifunza ni kwamba Maître alitufundisha kuachia kabla ya kutufundisha kuunda, na kwamba mtu aliyefukuzwa kwake na kupoteza kila kitu bado anaweza kukuta chake kimetunzwa na mikono asiyoijua.

Hapa Kalemie mota nilimpa Riziki, yule msichana aliyekuwa akinisimamisha sokoni. Aliuliza kama ni yake kabisa. Nikamwambia ni yake mpaka roboti yake imalize kazi, kisha atachagua wa kumpa. Akaitazama ile rangi ya kijani, akageuka, na akaanza kuwaangalia wenzake darasani, mmoja mmoja.