Mstari wa Majivu

Enzi zetu kule Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, gereji haikuwa na mlango wala ukuta. Ilikuwa turubai lililofungwa kwenye miti minne ubavuni mwa nyumba yetu ya udongo, na chini yake Baba alitengeneza pikipiki za watu. Sisi watoto watano tulicheza hatua kumi tu kutoka hapo, katikati ya harufu ya maharage ya Mama na ya petroli. Wazazi wetu, waliotoka Kivu ya Kusini, petroli waliiita esansi, na mpaka leo nikilisikia neno hilo pua inaniwasha. Sielewi tulikuaje bila kuungua.

Ulinzi wetu ulikuwa majivu. Kila asubuhi Mama aliyazoa jikoni, akainama na sufuria kuukuu, akachora mstari mweupe kuzunguka turubai lote. Kisha alituita majina, mkubwa mpaka mdogo, na kutuambia yale yale kuhusu mahali pale: "Batoto, kule ni fasi ya moto. Mwenye ataruka majivu, atanijua." Tulimjua. Majivu yaliyobaki Baba aliyamwaga juu ya oili iliyomwagika, mtu asiteleze.

Sheria ya pili ilikuwa ya chupa. Esansi iliuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, kwa hiyo Baba alifunga kitambaa chekundu shingoni mwa kila chupa yake na kuiweka juu, asipofikia mtoto. Chupa yenye kitambaa haiguswi. Lakini mimi nilikuwa na mwanasesere wa maganda ya migomba asiye na kilemba, na siku moja Baba alisahau chupa moja chini, mlangoni mwa nyumba. Nikafungua kitambaa. Kilimpendeza sana yule mtoto wangu.

Jioni hiyo mchungaji wetu akatutembelea. Mama aliikuta chupa karibu na mlango, haina alama, akadhani ni maji, akammiminia kikombe. Nyumba yetu ilinuka esansi siku zote, pua zetu hazikuisikia tena. Bahati nzuri, kwetu hakuna anayekunywa kitu kabla ya sala, na yule mchungaji alikuwa akisali kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo. Aliombea mvua, mihogo, wagonjwa, na wote waliobaki Kivu, kikombe kikiwa chini ya pua yake. Alipofika kwa wajane akakohoa, akafumbua jicho moja. "Mama, hii mayi imetoka wapi?"

"Nani ametoa kitambala?" Baba akauliza. Nilimsukuma mwanasesere chini ya mkeka, nikangoja fimbo. Badala yake Baba alikaa chini akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Nilichanganyikiwa kabisa.

Leo naishi Nyamitanga, Mbarara, na gereji yetu ni ya matofali. Ina rafu, ina kufuli mbili, na ina kizima-moto ambacho bado kimo ndani ya nailoni yake. Watoto wa siku hizi nao! Binti yangu Neema, miaka sita, anafungua simu yangu kwa namba ya siri niliyoisahau mwenyewe, lakini harufu ya petroli haijui. Juzi alinifuata jikoni na chupa mkononi: "Mama, nifungulie hii juisi." Ilikuwa petroli ya jenereta. Ni mimi niliyeimimina humo, mimi niliyelelewa ndani ya majivu, na ni mimi niliyesahau kufunga mlango. Sikujua nimpige, nimkumbatie, au nijipige mwenyewe. Nikakaa sakafuni nikacheka, kisha nikalia, na Neema akanitazama kama nilivyomtazama Baba siku ile.

Mume wangu akanunua kufuli ya tatu. Mimi nikataka majivu. Lakini tunapika kwa gesi, majivu nitayatoa wapi? Nikampigia Mama simu Kashojwa. Alicheka sana, akanitumia mfuko mzima kwa teksi. Nikachora mstari mbele ya gereji, nikaridhika, nikaenda kufua. Niliporudi, Neema alikuwa ameufagia wote. Saruji inang'aa, na yeye amesimama na ufagio anangoja kusifiwa. Sasa mtoto kama huyo unamkemea au unampongeza?

Nikampigia Mama tena kulalamika kwamba watoto wetu hawajui mpaka. Na kwa kuwa moyo ulikuwa umeshalainika, nikaungama habari ya kitambaa.

"Ile nilijua," akasema. "Mutoto wako wa migomba alikuwa anavaa nini? Na majivu, unafikiri ninyi hamukuwa munafuta? Kila siku, na miguu yenu. Ndiyo maana kila asubuyi nilikuwa nachora tena, na kuita majina."

Enzi zetu hatukuwa na kufuli hata moja, tulikuwa na mtu aliyetuhesabu. Leo nina kufuli tatu, na sijui kama huo ni usalama au ni uvivu wangu.

Asubuhi iliyofuata nikainama tena na majivu. Nilipomaliza nikaita, "Neema!" Nikaita tena, nikakimbilia mlango wa gereji. Kisha nikasikia ufagio unakuja.