Ubavuni mwa Nafuna

Jambo la kwanza ambalo mgeni aliliona kwa Mwanarusi wa Majengo, Thika, ni namna alivyotembea na mwanamke mjamzito. Hakumtangulia wala hakumfuata nyuma. Alikaa ubavuni mwake, bega kwa bega, kana kwamba wamefungwa kamba moja.

Mwaka huo wa 1956 alikuwa ubavuni mwa Nafuna, jirani yake, mke wa Barasa wa kiwanda cha mikebe. Tangu mimba ilipoanza kuonekana waliteka maji pamoja na kwenda sokoni pamoja. Mwanarusi mwenyewe hakujaliwa mtoto. Aliomba kitu kimoja tu: siku ikifika, ampokee mtoto kwa mikono yake. Nafuna alikubali kwa furaha. Kisha mama mkwe wake, Selpha, akawasili kutoka Bungoma na jogoo kikapuni.

"Huyu mama wa Pwani amekuganda kama kupe," alimwambia Nafuna kesho yake, Mwanarusi akiwa palepale uani anachambua mchele. "Mtoto ya kwetu nitapokea mimi."

Vidole vya Mwanarusi havikuacha mchele. "Nisamehe, Mama Barasa. Ni mazoea tu. Nimejifunza kwa pomboo."

"Pomboo ni nani?"

Mwanarusi akacheka, akaeleza. Ni mnyama wa baharini mwenye umbo la samaki, ila hupumua hewa kama sisi, huzaa na kunyonyesha. Kwao Wasini, alipokuwa msichana wa kusaka pweza miambani, aliwaona mara nyingi, na wazee walimweleza mengine. Mimba yao hukaribia mwaka mzima.

"Mwaka! Nafuna, unasikia? Na wewe unalilia miezi tisa!"

"Mtoto hutanguliza mkia," Mwanarusi aliendelea. "Akitoka, lazima apande juu upesi avute pumzi ya kwanza. Mama huwa amechoka, kwa hiyo jike mwingine hukaa ubavuni mwake."

"Na ananyonya namna gani kwa maji? Maziwa haimwagiki?"

"Mama humrushia kinywani."

Selpha alipiga makofi, akasogeza kigoda. "Na wanaume?"

"Wakipevuka huwaacha mama zao, wakaenda zao wawili watatu, marafiki."

"Barasa huyo! Hata kwaheri hakusema. Nikasikia tu ako Thika."

Nafuna alicheka mpaka akashika tumbo.

"Na huyo wa ubavuni," Selpha aliuliza, sauti imepungua, "ni dada yake?"

"Pengine dada. Pengine bibi mzee. Pengine ni jike tu asiye na mtoto wake. Hakuna anayemfukuza."

Selpha akauchukua ungo kutoka magotini mwa Mwanarusi, akaanza kuchambua yeye.

"Mimi nitashika mgongo ya Nafuna," alisema bila kuinua macho. "Wewe kaa mbele, upokee. Lakini jina nitatoa mimi!"

"Jina ni lako, Mama Barasa."

Tangu hapo waliteremka hadi mto Chania watatu, Nafuna katikati, na watu wakawapisha njia. Mwanarusi alifua kanga yake laini kuliko zote, akaianika juani, akaikunja tayari kumpokelea mtoto. Kila asubuhi, kabla hata hajanywa chai, huita kutoka mlangoni kwake:

"Bado?"

"Bado!" Selpha hujibu. "Huyu wetu ni pomboo!"

Naye Mwanarusi huinusa ile kanga, akairudisha mahali pake, karibu na mlango.