Ndizi za Mama Lan

Harufu ya tui la nazi ilikuwa ikipita chini ya mlango wetu kila alasiri, na haikutoka jikoni kwetu. Yalikuwa majira ya baridi, maduka ya wageni yalikuwa yakivunjwa, na baba alikuwa amebaki Soweto kulinda spaza yake, kiduka cha mtaani. Mimi na mama tulijifungia kwenye flati ghorofa ya nne, katikati ya Johannesburg, mapazia yameshushwa hata mchana. Shule hakuna, kucheza hakuna. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kitu kimoja: mama afungue mlango.

Aliyepiga hodi ni Mama Lan, jirani yetu Mvietnamu, fundi cherehani ambaye naye alikuwa hatoki. Alileta bakuli la ndizi mbivu zilizopikwa kwa tui zito, sukari na chumvi kidogo, zikielea kati ya vipunje vya wanga wa muhogo vilivyong'aa kama mayai ya chura. Juu alikuwa amenyunyiza karanga zilizopondwa. Mama, mtu wa Tanga aliyelelewa kwa ndizi za nazi, alifungua mlango kiasi cha bakuli kupita, akashukuru, akafunga, akaliweka juu ya kabati.

"Hatuli," akasema.

"Kwani ndizi ni haramu?"

"Ndizi si haramu. Hilo sufuria lake je? Jana lilipika nini?"

"Mbona mkate wa dukani tunakula, na tanuri lake hatulijui?"

"Ulimi huo utakupeleka pabaya, mwanangu."

"Nitafikaje, na mlango umefungwa?"

Mama alitaka kukasirika, akacheka. Lakini bakuli likabaki juu ya kabati, kwa sababu kwao Tanga chombo cha jirani hakirudi kitupu, na sisi tulikuwa na maharage makavu tu. Kesho yake Mama Lan alipiga hodi tena. Hakuja kudai bakuli lake. Alikuja kuniuliza, kwa Kizulu chake cha sokoni, kama amekosea mapishi. Nilipomtafsiria mama, alichukua sufuria letu na kuniambia nivae viatu.

Walipika ndizi nyingine kwenye sufuria letu, jikoni kwa Mama Lan. Mama alipotia iliki, mwenyeji akainusa, akauliza nani anaumwa, maana kwao iliki ni dawa. "Mwambie anayeumwa ni yeye, anayetia chumvi kwenye kitamu," mama akasema. Hilo sikulitafsiri. Tulikula tukiwa tumesimama, kisha tukarudi kwetu na mama akafunga makomeo yote.

Leo nina digrii na nyumba Midrand, ndani ya ukuta wenye waya wa umeme. Mama hajahama flati ile. Kila nikimwambia aje kwangu kwenye usalama, huuliza nani atampigia hodi. Namweleza kwamba huku mgeni hupigiwa simu na mlinzi kutoka getini kwanza, na hata mimi nikijisikia nikisema hivyo najiuliza ni nani hasa tuliyemfungia, wa nje au sisi wenyewe.

"Basi mie nakaa huku huku," anasema, na kukata simu.