Mama Mizani na Gesi Inayomchanganya

Saa mbili asubuhi, kabla hajagusa mtungi wowote, Mama Mizani anafungua madirisha yote matatu ya karakana na kuweka tofali mlangoni usijifunge. Anarudi kuyakagua tena. Ndipo anafumba macho, anasali kwa sauti ya chini, kisha anavaa glavu.

Kazi yake ni kujaza mitungi ya kuzimia moto. Anamwaga gesi iliyobaki, anasafisha vali, anaunganisha mpira, halafu anatazama mizani hadi zitimie kilo tano. Hazidishi, hapunguzi. Ndiyo maana wenzake wakampa jina hilo. Kwa siku hujaza mitungi ishirini na minne, na huu ni mwaka wa kumi na moja.

"Nilikuwa najua nazima moto, basi," anasema. "Sasa sijui tena najua nini."

Gesi yenyewe ni kaboni dioksidi, ambayo wengine huiita hewa ukaa. Mwezi uliopita binti yake wa kidato cha pili alirudi nyumbani na habari mpya.

"Mama, ile gesi yenu ndiyo inaipasha dunia joto."

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Inatanda angani kama blanketi."

"Na mimi ninayezima moto?"

"Unazima huku, unawasha kule," binti akajibu, akaendelea kula.

Maneno hayo hayakumtoka Mama Mizani. Alisali siku tatu. Siku ya nne akafunga madirisha ya karakana, ili gesi anayoimwaga isipande angani.

"Nilijiambia, heri ibaki humu na mimi kuliko kuiharibu kazi ya Mungu," anasimulia.

Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama chini. Alipoinama kuokota spana, kichwa kikamzunguka, akaanguka. Fundi wa vali, anayefanya naye kazi, aliingia akamkuta sakafuni, akamburura hadi uani.

"Alipozinduka nikamuuliza, dada, umefunga madirisha kwa ajili ya nani?" anakumbuka fundi huyo. "Akanijibu, kwa ajili ya dunia. Nikasema, huyu keshatutoka."

Mwenye karakana alimpa onyo: akirudia, hana kazi. Lakini onyo halikumwondolea shaka. Akiyaacha madirisha wazi, anamwogopa Mungu. Akiyafunga, atamwacha binti yake yatima. Wiki hiyohiyo akamfuata mwalimu shuleni.

Mwalimu alimweleza kwamba mtungi wake mmoja ukimwagwa wote ni sawa na kuchoma lita mbili hivi za petroli. Akamwambia pia kwamba mimea hujitengenezea chakula kwa gesi hiyohiyo, na kwamba isingekuwapo kabisa angani, dunia ingeganda kwa baridi.

"Niliingia na swali moja, nikatoka na manne," anasema Mama Mizani, akijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Inalisha mahindi, mimi inaniangusha. Isipokuwapo tunaganda, ikizidi tunaungua. Sasa nimwombe Mungu aiongeze au aipunguze?"

"Lita mbili?" fundi anadakia kutoka kwenye benchi lake. "Pikipiki yangu inazimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kumbe mwenye dhambi ni mimi."

"Wewe nyamaza. Dhambi zako nitaziombea Jumapili."

Amemwomba mwenye karakana atoboe ukuta chini kabisa, usawa wa sakafu, gesi ipate njia ya kutokea. Amekubaliwa. Na mwezi ujao anaanza masomo ya jioni ya watu wazima, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Somo la kwanza alilojiandikisha ni sayansi.

Anageuza mtungi na kuonyesha namba zilizogongwa ubavuni.

"Kila mtungi una kipimo chake. Ukizidisha, unapasuka," anasema. "Nataka huko darasani wanionyeshe cha anga kimegongwa wapi, na sasa tumefika kilo ngapi."