Mwalo wenye mitumbwi saba uliokuwa unaongoza kwa samaki kwenye mfumo wangu

Wakuu, salaam kwenu wote humu jukwaani.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu, kwa sababu aliyeharibu ni mimi. Leo nauacha. Sitaongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha na kiwanda sikitaji, wale wa Mwanza mtaanza kukisia na mtakosea.

Mimi ni developer, naishi Buhongwa, kazi yangu ipo Nyakato kwenye kiwanda cha kuchakata sangara. IT tupo wawili. Mwenzangu ni wa network na printa, kwa hiyo chochote chenye code ni changu. Mfumo wa kupokea samaki niliuandika mwenyewe toka sifuri, na kusema kweli nilikuwa naringa nao.

Kwa msiojua mambo haya, unafanya kazi hivi. Gari linafika getini na samaki. Karani wetu, tumwite Deus, anachagua kwenye orodha jina la mwalo, yaani ule ufukwe samaki waliposhushwa. Mfumo unajua wenyewe kutoka mwalo huo safari ni masaa mangapi. Deus anaingiza joto la samaki, mfumo unajibu POKEA au KATAA.

Ukisema POKEA, mzigo unaenda mizani, kisha chumba cha baridi, na karatasi zote zinajitengeneza. Ukisema KATAA, gari linageuza.

Sheria za kukubali na kukataa nilizichomeka humo humo ndani ya code. If hii, else ile. Joto likizidi nyuzi nne, kataa. Safari ikizidi masaa sita, kataa. Mwalo ukikataliwa mizigo mitatu ndani ya wiki moja, ufungiwe siku kumi na nne. Na nyingine kibao, zimetawanyika kwenye mafaili hadi mimi mwenyewe nilikuwa nazitafuta kwa search.

Sasa kisa chenyewe.

Siku moja meneja akaniomba chati ya mialo, ipi inaleta samaki wengi. Kazi ya dakika kumi. Nikaitengeneza, nikaiangalia, nikakuna kichwa.

Mwalo unaoongoza ulikuwa upande wa Magu, nitauita Mwalo A kwa sababu jina lake kweli linaanza na A. Ulikuwa umevipita visiwa vyote. Ukerewe huko, Ukara, vyote nyuma yake. Na mimi Magu napita sana, shemeji yangu analima mpunga kule, sikuwahi kusikia mtu anautaja huo mwalo.

Meneja aliipokea chati na kushukuru. Mimi ikanikaa kichwani. Samaki wote hao wanatoka wapi?

Jumamosi nikachukua pikipiki nikaenda kuangalia. Hakuna aliyenituma, ni udadisi tu.

Wakuu, mwalo wenyewe una mitumbwi saba. Mitatu ilikuwa imepinduliwa mchangani inazibwa matundu. Kuna banda moja la mabati, mzani mmoja, na wanawake wanaanika dagaa. Nilisimama pale nikahesabu tena nikidhani mingine imejificha.

Mwenye mitumbwi miwili kati ya hiyo ni mama mmoja wa makamo, Mama Tatu. Nikamsalimia shikamoo, nikajitambulisha kuwa natoka kiwandani. Nikamuuliza kwa wiki wanapeleka gari ngapi. Akanijibu kwamba wakibahatika ni moja, pikapu yenye kasha la barafu, na wanachangia mialo miwili kulijaza.

Kwenye mfumo wangu, Mwalo A ulikuwa unaleta magari kila siku.

Jumatatu nikamwendea Deus moja kwa moja. Nilitegemea ababaike. Wala. Akanieleza kama mtu anayeelekeza njia ya stendi. Samaki wa visiwani wanakaa kwenye boti la barafu masaa nane mpaka tisa. Wanafika wazima, joto nyuzi mbili, macho yanang'aa. Mama Koku wa ubora anawakagua, anafunua mashavu, anasema hawa ni wazuri, pokea. Lakini mfumo unakataa kwa sababu safari imezidi masaa sita.

"Sasa bro, ningefanyaje?" akasema. "Nilikuwa nachagua mwalo wa kwanza kwenye orodha, mfumo unakubali, kazi inaendelea."

Mwalo wa kwanza kwenye orodha, kwa herufi, ni Mwalo A. Makarani wa zamu zote walikuwa wanafanya hivyo na waliachiana kama maelekezo ya kazi. Hakuna aliyeona ni uongo. Kwao ilikuwa ndiyo namna ya kuutumia mfumo.

Mama Koku nimtambulishe kwenu. Ni mkuu wa ubora pale kiwandani, mama wa Kihaya, mtaratibu ila hapindishwi. Ana counter book yenye jalada la plastiki ambamo ameandika kila kitu anachokijua kuhusu samaki. Na hili lazima niseme: alishaniandikia email miezi minne nyuma kwamba masaa sita yanawaumiza wavuvi, samaki wa visiwani waangaliwe kwa joto na siyo kwa saa. Nilimjibu "nimepokea".

Nilikuwa sijagusa. Kubadilisha namba moja kulitaka nifungue code, nijaribu mfumo mzima, nisubiri siku ambayo kiwanda kinasimama ndipo niweke toleo jipya. Nikawa naahirisha. Hata baada ya maelezo ya Deus nikasema nitaweka mwisho wa mwezi, pamoja na vingine.

Wiki hiyo hiyo boti moja la visiwani likapungukiwa barafu. Mizigo yake mitatu ikaja na joto la juu, ikakataliwa kihalali kabisa. Ila ilikuwa imeandikwa kama kawaida, Mwalo A.

Mizigo mitatu ndani ya wiki. Mfumo ukafanya nilichouamuru. Ukaufungia Mwalo A siku kumi na nne.

Alhamisi asubuhi nikaitwa getini. Nikamkuta Mama Tatu amesimama pembeni ya pikapu, kanga imelowa maji ya barafu mpaka magotini. Samaki wake walikuwa nyuzi tatu. Mama Koku alishawakagua, hawana tatizo lolote. Kwenye skrini ya Deus jina la mwalo lilikuwa limezimwa, rangi ya kijivu, halichaguliki.

Deus alishamweleza sababu. Mama Tatu hakugomba. Alinikumbuka, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu.

"Mwanangu, wewe si ulikuja ukahesabu mitumbwi yetu? Hao samaki wabovu tulikuvulia lini?"

Niliona aibu, na mpaka leo nikiandika hapa naiona.

Akaeleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria nilipoandika ile siku kumi na nne. Wavuvi wake hawana mshahara, wanapata kwa mgao wa kinachovuliwa. Wakikaa siku tatu nne bila kwenda ziwani wanahamia kambi nyingine, na wakishahama hawarudi msimu huo. Kwa hiyo siku kumi na nne kwake zilikuwa ni mitumbwi miwili isiyo na watu.

Nikamwambia Deus aufungulie mwalo. Akaniangalia. Aufungulie wapi? Kitufe hakipo. Sikuwahi kukiweka, sheria ilikuwa ndani ya code.

Kuandika mzigo huo kwa jina la mwalo mwingine, mtindo ule ule wa uongo, Mama Koku alikataa mbele yetu wote. Samaki wakileta shida huko waendako, inabidi ijulikane wametoka wapi. Akaongeza kwamba kama angejua Deus anachagua mwalo wowote angelipiga marufuku siku nyingi. Deus akaangalia chini.

Mama Tatu akageuza gari, akaenda kuuza sokoni kwa bei waliyompangia wachuuzi.

Nikaenda kukaa kwenye kompyuta. Mama Koku akavuta kiti akakaa pembeni yangu na counter book lake. Akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya nilete huu uzi.

"Hiyo masaa sita, nani alisema?"

Nikamjibu ni kanuni. Akafungua daftari, kwake haipo. Tukafungua miongozo ya ukaguzi aliyonayo, ukurasa kwa ukurasa, kuna joto, kuna barafu, kuna usafi, hakuna masaa sita. Tukampigia meneja, akasema alidhani imetoka kwa Mama Koku. Sasa na mimi nikawa na hamu ya kujua. Nikaitafuta namba yenyewe kwenye code.

Nikaipata. Juu yake kulikuwa na maelezo mafupi niliyoandika mwenyewe wakati naanza: "weka 6 kwa sasa, muulize Mama Koku."

Sikuwahi kumuuliza.

Alisoma, akavua miwani. "Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa nagombana na kisio chako."

Nilimuomba radhi. Akasema radhi baadaye, kwanza tufungue mwalo wa watu.

Ilichukua mpaka Jumapili, kiwanda kilipopumzika. Na hapo nikafanya kile nilichokuwa nakisoma mitandaoni nikidhani ni mambo ya mabenki makubwa: nikatenganisha sheria na code. Code ikabaki na kazi yake ya kusogeza mzigo kutoka getini kwenda mizani kwenda chumba cha baridi. Sheria nikazitoa nje, kwenye jedwali ambalo Mama Koku analifungua na kulibadilisha mwenyewe bila kunipigia simu.

Kila mstari una sheria yenyewe kwa Kiswahili cha kawaida, nani aliisema, kwa nini, na lini iangaliwe tena.

Msidhani baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Wiki ya kwanza Mama Koku alitaka kuandika nyuzi 4.0, akaandika 0.4. Asubuhi nzima getini ni KATAA KATAA, madereva wanapiga honi. Ila aliona mwenyewe na kurekebisha mwenyewe kwa dakika mbili, wakati mimi nilikuwa bado kwenye foleni ya kuja kazini. Baadaye tukaongeza kwamba badiliko lolote lijaribiwe kwanza kwenye mizigo ya wiki iliyopita, na mtu wa pili aidhinishe.

Mstari wa masaa sita tuliufuta. Kabla ya kuufuta ulitakiwa ujazwe "nani alisema", ili kumbukumbu ibaki. Niliandika jina langu.

Chati ya mialo nayo ikabadilika. Mwezi uliofuata Mwalo A ulishuka mpaka karibu na mkiani, na visiwa vikapanda mahali pake. Meneja akaniuliza kwa nini Magu imeanguka. Nikamwambia haijawahi kupanda.

Nilirudi kwa Mama Tatu kumpa taarifa na kumwomba msamaha. Mtumbwi mmoja ulikuwa ziwani. Wa pili ulikuwa umepinduliwa mchangani na hauzibwi chochote. Wavuvi wake waliposikia ni siku kumi na nne hawakusubiri, walihama Ijumaa, siku mbili kabla sijamaliza.

Aliniuliza hizo siku kumi na nne alizipanga nani. Nikamwambia sijui, kwenye jedwali hapo pamebaki wazi, hakuna anayekumbuka. Akafikiri kidogo, akasema basi safari hii nimuulize yeye. Nikaandika namba yake ya simu, nikampa Mama Koku. Walizungumza muda mrefu, na sasa mwalo haufungiwi mpaka mtu apige simu mwaloni kwanza. Kwenye "nani alisema" pameandikwa Mama Tatu.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani kuweka sheria ndani ya code kunazilinda. Kumbe kulinilinda mimi nisiulizwe.

Tulipomaliza kuzitoa zote nje, sheria tisa hazikuwa na mwenyewe. Tumezimaliza saba. Mbili bado tunazunguka tunauliza watu.

Wakuu mnaofanya mifumo ya hospitali, mikopo, mashule, naomba mnisaidie. Nyie mmeziweka wapi sheria zenu? Na mkifungua code leo, mtakuta namba ngapi ambazo mlitakiwa kumuuliza mtu?

Nipo hapa nasoma maoni. Hata ya kunisema, yaleteni.