Makochi Yaliyotolewa Nje

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulipanga chumba kimoja Mtopanga, na ndani yake mlikuwa na godoro, mkeka, meko ya gesi na ndoo tatu. Dirishani nilitundika leso kwa misumari. Mume wangu alikuwa kibarua Changamwe; kuna siku alilipwa, kuna siku alirudi na jasho lake tu. Kupika tuliweza, na kulala tuliweza. Kumketisha mgeni ndiko kulikotushinda.

Hilo lisingeniuma sana lau ningejua kufunga mdomo. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa akinipigia simu kutoka Likoni kila Ijumaa kunijulia hali, na Ijumaa moja, bila ya kuulizwa, nikamwambia tumenunua makochi. Sijui yalinitokaje. Nadhani nilichoka kusikia anavyotuonea huruma. Akafurahi sana, akasema inshallah Ijumaa ijayo atakuja ayakalie.

Basi nikawa na wiki moja ya kutafuta makochi.

Mtopanga watu huhamahama. Anayerudi kwao bara hawezi kubeba kabati. Hulitoa nje akaliuza kwa bei ya kutupa, na anayewahi ndiye anayepata. Stuli yangu niliipata hivyo baadaye, na kabati lisilo mlango mmoja pia. Lakini hata kabla ya hapo macho yangu yalikuwa yamekwisha kuharibika. Nikiona vyombo vya watu vimetolewa nje, wenyewe siwaoni. Naona vyombo tu.

Jumatatu asubuhi nilitoka kwenda kununua mahamri, nikakuta makochi matatu mbele ya mlango wa jirani, na mwanamume wa makamo analitoa la nne. Mle walikaa mzee mmoja na mkewe, watu wakimya ambao tulijuana nao kwa salamu tu. Nikakata shauri kwamba wanahama. Moyo ulinidunda kwa furaha. Sikusalimu. Nililikalia kochi la karibu, nikajirusharusha nijue kama springi zimekufa, nikageuza mto nitazame kitambaa cha chini.

"Haya yote manne mwataka ngapi?" nikauliza. "Msimuuzie mtu. Mimi ni jirani, nalipa leo leo."

Yule mwanamume aliliweka chini kochi aliloshika. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Dadangu," alisema polepole, "shemeji yangu ametutoka alfajiri. Twatoa viti tupate kutandika mikeka."

Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Babu yangu alipokufa, ni mimi na dada zangu tuliobeba viti nje ili wanawake wapate pa kukaa. Desturi hiyo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Nilisimama, nikaurudisha mto mahali pake, nikaupigapiga ukae sawa kana kwamba hilo lingesaidia kitu, nikaingia kwangu na kufunga mlango.

Hata hapo ningeweza kujisitiri. Mtu angevaa buibui lake, akarudi, akatoa mkono wa pole, yakaisha. Sikurudi. Siku tatu za matanga nilisikia yasini ikisomwa ng'ambo ya ukuta, nikasikia masufuria yakiepuliwa mekoni, nikasikia wanawake wa jirani wote wakiingia na kutoka, nami nimekaa na ndoo zangu. Mume wangu alikwenda mazikoni. Mimi nilimwambia tumbo laniuma. Niliogopa yule mwanamume amekwisha kuwaambia watu, nikaona heri nisemwe nisipokuwapo. Aibu ya kwanza niliipata kwa bahati mbaya. Hii ya pili niliitafuta mwenyewe.

Ijumaa mavyaa akafika. Alivua viatu, akakitazama chumba, na chenyewe hakikuhitaji muda mrefu kutazamwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kwamba makochi yako kwa fundi. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Aliketi mkekani, akaniambia amesikia dukani kwamba jirani yetu amefiwa, kisha akauliza kama nimekwenda kumpa pole. Nikainamisha kichwa.

"Vaa twende," akasema.

Mjane alikuwa ameshaanza eda, amevaa nguo nyeupe, ameketi pembeni mwa chumba. Karibu na mlango alikaa kaka yake, yule yule mwanamume wa makochi. Nikasema makiwa huku natazama chini. Mjane alinishika mkono, hakuuachia, akamgeukia mavyaa wangu.

"Mkaza mwanao huyu ndiye aliyenijia wa kwanza," akasema. "Mume wangu hajaoshwa, hata wanangu hawajafika. Nlisikia sauti ya mwanamke hapo nje, nkamuuliza kaka ni nani. Akanambia ni jirani, amekuja kutoa pole, ameketi nje kwa kuwa hataki kutusumbua. Nkasema alhamdulillahi, kumbe siko peke yangu."

Nilimtazama yule kaka. Alikuwa akitazama mkeka. Angeniinulia macho ningesema kweli, au ndivyo ninavyojidanganya mpaka sasa. Mjane alikuwa akinisubiri, na mavyaa pia. Mkono wangu ulikuwa bado umo mkononi mwake.

"Ni wajibu wetu, mama," nikamjibu.

Habari ya makochi mavyaa hakuiuliza siku ile wala siku nyingine. Alirudi Likoni na habari iliyomtosha. Nikienda naye harusini au msibani, huniweka mbele ya wanawake wenziwe akawasimulia jinsi mkaza mwanawe alivyotangulia watu wote kwenda kumkalia mjane. Nami huinamisha kichwa, na wao hunisifu kwa adabu.