Chapati Nilizowapa Kuku

Shangazi akiona nafunga Ramadhani nzima bila siku za hedhi, si atasema nina mimba? Wasiwasi huo ulininyima usingizi, mimi mwenye shahada. Nikajifanya nina hedhi: kila mchana nachukua chapati, nawatupia kuku, naendelea kufunga na kuswali kwa siri. Siku ya tatu shangazi akanifuma kwenye mswala.

“Kuku wananenepa, mwenye hedhi anaswali. Baba wa hiyo mimba nani?”

Hasira zikanipanda. Kwa nini nifiche ugonjwa kama wizi?

“Sina mimba, shangazi. Mwili wangu hauitikii insulini, homoni ya sukari, hivyo inazidi na kuchochea homoni za kiume, mayai hayapevuki, ndiyo maana sipati hedhi. Daktari anasema huenda vinasaba vyangu viliwekewa alama ya ugonjwa huu tangu tumboni mwa mama.”

Wakati wa futari nikayarudia maneno hayo mbele ya ukoo mzima, nikala chapati zangu mwenyewe.